Bwana Kasoro Nilimtunga Mimi

Nachingwea, Jumamosi mchana

Mwanangu Anastazia,

Umekwenda kumuaga bibi yako na umesema utarudi kabla jua halijazama, kwa hiyo nina saa tatu au nne za kukaa peke yangu na karatasi hizi. Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakueleza habari za sanduku, shuka, dawa ya homa na watu wa kukaa nao karibu kwenye lori, na amekueleza mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka minane, na wiki hizi tatu za mwisho limeninyima hata hamu ya chakula. Mama yako anadhani ni uchungu wa kuachana nawe. Uchungu huo upo, lakini si huo peke yake.

Mwalimu Hamisi hakukutupa. Nalitanguliza hilo ili hata ukiamua kuiacha barua hii hapa, uwe umelipata. Ulipokuwa na miaka tisa ulisimama mlangoni ukaniuliza kwa nini ameondoka bila kukuaga, nikakujibu kwamba watu wa namna ile hawana mapenzi na mtu, wanapenda hesabu zao tu. Ulilia siku mbili. Baadaye ukaacha kulia, ukaacha na kumtaja, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba umesahau. Sasa nakuona hujasahau. Kila unaposifiwa kwa hesabu uso wako unakaza kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa nguo ya kuazima.

Nilikudanganya. Alikuja kukuaga, na mimi ndiye niliyemrudisha. Lakini nikianzia mlangoni hutaelewa, maana mambo yalikuwa yameanza zamani kidogo.

Unamkumbuka alivyokuwa, mrefu, mwembamba, shati limekwisha kwenye kola. Alizaliwa upande wa Kiegei. Wakati pori la huku kwetu linang'olewa kwa ajili ya karanga, yeye alikuwa kijana wa kuburuta mnyororo wa wapimaji. Wenzake waliburuta mnyororo wakapokea mshahara. Yeye alianza kumuuliza mpimaji kwa nini pembe ile inatosha kujua umbali wa mti ambao hawajaufikia. Mpimaji akamwonyesha, kisha akampa vitabu viwili vilivyochakaa. Shule yetu ilipokosa mtu wa hesabu, akaletwa yeye. Hakuwa na cheti kama changu. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na kusoma, nimevaa viatu, nina vyeti viwili ukutani, na nilimpokea kwa wema wa mtu anayejua kwamba yuko juu.

Alifundisha kwa korosho. Aliweka lundo mezani, na hesabu za kutoa zilifanywa kwa kula. Ulirudi nyumbani mikono inanuka moshi wa korosho ukiniambia kwamba Mwalimu Hamisi amesema hivi, Mwalimu Hamisi amesema vile. Jioni uliketi barazani kwake pamoja na watoto wa jirani, naye alichora duara mchangani kwa uzi na kijiti, huku akiimba vibaya sana. Ulikuwa darasa la nne, na alikuwa anakupa hesabu za darasa la saba.

Kabla yake, jioni zako zilikuwa zangu. Nilikuwa nakutungia visa, na hukuwahi kulala bila kimoja. Siku moja nikawa nakusimulia habari ya mtu aliyetembea mpaka mwisho wa dunia, ukanikatiza ukaniuliza alitembea siku ngapi, na kwa siku alikwenda maili ngapi. Nikasema hilo halina maana. Ukasema, "Lina maana, Baba, maana chakula ulichompa kisingetosha." Mama yako alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini kuanzia siku hiyo nilimchukia yule mtu. Naliandika neno hilo jinsi lilivyo. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nasali kila Jumapili, nikamchukia mwenzangu kwa sababu mwanangu alimsikiliza.

Unajua kwamba nilikuwa naandika visa kwenye gazeti letu la shule, zile kurasa nne tulizokuwa tunapiga kwa mashine ya stensili. Wewe ulikuwa mdogo, hukujua jinsi zilivyosafiri. Watoto walizipeleka kwao, na siku ya soko Ruangwa kijana mmoja aliyejua kusoma alizisoma kwa sauti kwenye duka la nguo, watu wakijaa mpaka nje. Asiyejua Kiswahili sawasawa alisimuliwa na mwenzake kwa Kimwera wakati wa kurudi njiani. Mimi nilikuwa mtu wa kuulizwa kila mwezi, mwalimu, safari hii unatuletea nini.

Mwezi ule niliwaletea Bwana Kasoro.

Bwana Kasoro alikuwa mtu wa hesabu. Mrefu, mwembamba, kola imekwisha. Hakuwa na mke kwa sababu kila alipoposa alipiga hesabu akaona mmoja anakula kidogo kuliko wawili. Mama yake alipofariki, yeye hakulia, alikaa pembeni akihesabu waliokuja kuzika, na aliyefika wa mwisho akamwambia, "Wewe ni wa mia kasoro mbili, kalete wawili tumalize." Watu wa Ruangwa walicheka mpaka wakakaa chini. Walimu wenzangu walicheka. Hakuna aliyeuliza Bwana Kasoro ni nani.

Mwalimu Hamisi naye alikisoma kisa kile. Alinijia ofisini asubuhi ameshika gazeti, nami nikajiandaa kwa ugomvi. Hakuja kugombana. Aliniambia amecheka sana pale kwenye mazishi, kisha akaweka kidole kwenye mstari ambamo Bwana Kasoro anajisifu ana magunia kumi na nane ya ufuta, kila gunia debe sita. "Kumi na nane mara sita ni mia na nane," akasema kwa upole. "Hapa imeandikwa tisini na nane. Nimeona nikwambie wewe kwanza kabla wanafunzi hawajaona."

Mwanangu, alikuwa ananisitiri. Leo naona wazi kabisa kwamba alikuwa ananisitiri, na kwamba alikwishajua yeye ndiye anayechekwa, akaamua kulipuuza. Mimi siku ile niliona dharau. Mwezi uliofuata nikaandika kisa ambamo nyumba ya jirani yake Bwana Kasoro inaungua, jirani anapiga kelele aletewe ndoo ishirini, naye anasimama mlangoni moto ukiwaka kumsahihisha kwamba zinatosha kumi na saba. Mke wa jirani anaungua. Watu wakacheka tena.

Baada ya hapo nimefikiri sana habari ya visa na watu wa hesabu, na nimekumbuka vyote nilivyosoma na nilivyosikia tangu utoto. Mtu wa hesabu akiingia kwenye kisa, sisi watunzi tuna kazi chache mno za kumpa. Tunamfanya mchoyo. Au mchawi anayejua siku yako ya kufa. Au kichaa anayesema peke yake njiani. Akibahatika sana anaitwa dakika ya mwisho afumbue fumbo ili mwingine aoe binti wa mfalme, halafu anatoka na haonekani tena. Haoni njaa, haogopi giza, hana dada. Na hesabu zenyewe hatuziweki. Tunaandika tarakimu ndefu msomaji acheke au atishike, basi, wala hatujali kama ni mia na nane au tisini na nane. Zamani nilidhani tunafanya hivyo kwa sababu watu wa hesabu ndivyo walivyo. Sasa nadhani tunafanya hivyo kwa sababu ni wengi walioshindwa hesabu shuleni, na aliyeshindwa anapata raha kusikia kwamba aliyeziweza ameshindwa kuishi. Mimi ni mmoja wa walioshindwa. Sikuwahi kukwambia hilo pia.

Kisa cha tatu ndicho kilichotumaliza.

Kuchekesha kulikuwa kumeanza kunichosha, nikataka kuogofya. Nikamwandika Bwana Kasoro akipita kijijini na daftari, akiingia kila nyumba na kuhesabu watoto kwa kidole. Akifika nyumba yenye watoto watano anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, kisha anafunga daftari. Mama anasema wapo watano. Yeye anajibu, "Mimi nimepata wanne." Na usiku ule mmoja anakufa. Kisa kilikuwa kizuri, Anastazia. Ndicho kizuri kuliko vyote nilivyoandika maishani. Nilikiandika kwa siku moja, na nilipokimaliza nilikisoma tena kwa furaha.

Kule dukani Ruangwa hakuna aliyecheka safari hii. Walitaka kisomwe tena. Kisha kikaingia njiani, kikaingia Kimwera, kikaota meno ambayo mimi sikukipa. Wapo waliosema daftari lilikuwa jeusi. Wapo waliosema ni kweli, ilitokea, na mtu mwenyewe anafundisha Nachingwea.

Miezi miwili baadaye likaja agizo la kuandika kaya, na walimu wakaombwa kusaidia. Mimi nilipangiwa karibu na mji. Mwalimu Hamisi, kwa kuwa ni mwepesi wa miguu na hesabu zake hazina makosa, akapangiwa vijiji vya mbali kidogo. Msimu ule surua ilikuwa imepita vijijini. Kuna nyumba iliyokuwa imezika wajukuu wawili katika wiki moja. Alifika hapo na daftari, akasalimia vizuri, akauliza kwa adabu mna watoto wangapi.

Siku ya kwanza walimfungia mlango. Siku ya pili wanaume walimsubiri njiani. Aliletwa mjini amefungwa kwa khanga nyuma ya baiskeli ili asianguke. Sikio la kushoto halikusikia tena, na vidole vya mkono wa kulia viliungana vibaya. Waliompiga hawakuwa watu wabaya. Nilikuja kukutana na mmoja wao, mtu mpole, baba wa mmoja wa wale watoto. Aliniambia, "Mwalimu, sisi tulisoma kwenye gazeti." Hakusoma, maana hakujua kusoma. Alikuwa na maana kwamba ilikuwa imeandikwa.

Wewe uliambiwa Mwalimu Hamisi ameanguka na baiskeli. Nani alikuambia hivyo? Mimi.

Alipotoka hospitali alijaribu kurudi darasani. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto, mmoja baada ya mwingine, bila maneno mengi. Akina mama walificha vitoto vyao kwenye khanga akipita. Ungetarajia kwamba mimi, niliyejua chanzo, ningesimama pale shuleni na kusema. Nilikaa kwenye mkutano wa walimu nikiangalia mikono yangu. Nilijiambia kwamba nikisema, nitapoteza kazi na wewe utakosa shule. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba niliona haya.

Asubuhi ya kuondoka alikuja hapa nyumbani. Ulikuwa uani unatwanga, mimi naye tulikuwa tunasikia mchi. Akaniuliza kama anaweza kukuaga. Nikasema umelala, una homa. Mchi ukaendelea kugonga, na yeye, kwa sikio lile moja alilobakiwa nalo, akausikiliza mpaka nikatamani ardhi inimeze. Hakunibishia. Alinipa daftari lililofungwa kwa uzi, akasema, "Haya ni yake. Nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, aniwie radhi kwa mwandiko." Akashika njia.

Sikukupa. Nililichomeka juu, chini ya makuti, nikisema nitakupa ukikua. Mwaka jana nilipanda kulitafuta. Mchwa walikuwa wameshalimaliza. Nilipolishika lilivunjika mkononi likawa udongo, kulibaki uzi na kipande kimoja cha jalada. Kwa hiyo hata nikitaka kukurudishia siwezi, na sijui lilikuwa na nini, na yeye nilipomuuliza majuzi alisema hakumbuki tena. Nimepiga magoti mara nyingi kwa ajili ya dhambi zilizo ndogo kuliko hiyo.

Pengine ningenyamaza mpaka kufa. Niseme kweli, ningenyamaza. Lakini unakumbuka siku ile shangazi yako Veronika alipojifungua, tukaenda kumtazama. Ulimpakata mtoto, ukawa unavigusa vidole vyake kimoja kimoja. Shangazi yako akainuka kitandani, mgonjwa vile vile, akampokonya mtoto mikononi mwako. Akasema, "Huyu usimhesabu." Njiani ukaniuliza umekosa nini. Nikakuambia shangazi amechoka.

Hakuwa amechoka. Wiki mbili kabla yake, kwenye harusi Ruangwa, kijana mmoja alikuwa amesimulia kisa changu. Nilikuwepo, nimekaa na sahani mkononi. Kilikuwa kile kile, nyumba, daftari, moja mbili tatu nne. Lakini Bwana Kasoro hakuwemo. Alikuwemo msichana mrefu wa Nachingwea ambaye amefaulu hesabu kuwashinda wavulana wote. Watu walisikiliza kama walivyosikiliza zamani dukani. Wanawake wawili walikutazama wewe, uliyekuwa mbali unagawa maji, na mmoja akamsogeza mwanawe.

Kisa kile hakina mwenyewe tena, mwanangu. Kinatembea, kinatafuta mtu wa kumvaa, na kimekupata wewe.

Nilianza kukifuta. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kama mtu anayeomba mchango. Niliwaambia watu kwamba nilikitunga mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye meza hii, kwa sababu ya wivu. Walinikaribisha, wakanipa uji, wakanisikiliza. Mzee mmoja akaniambia kwa huruma, "Wewe mwalimu uliandika tu. Mambo yenyewe yalikuwepo." Nimewahi kutamani kusifiwa hivyo kwa kazi yangu, kwamba nimeandika kweli. Nilitoka pale nikakaa kando ya njia.

Nikaandika kisa kingine. Humo mtu wa hesabu anapima mto kwa pembe na uzi, anajua saa ya mafuriko, anaokoa kijiji kizima, na mwisho anachukuliwa na maji akiwa amembeba mtoto wa mwisho. Nilikipeleka Ruangwa nikakisoma mwenyewe. Walikisikiliza kwa adabu. Kilichowapendeza ni pale alipokufa.

Ndipo nikamtafuta mwenyewe. Niliambiwa yuko Narung'ombe, analima. Wiki tatu zilizopita nilikwambia naenda kuonana na mkaguzi wa shule. Nilikwenda kwake kwa baiskeli. Nilimkuta anakung'uta ufuta pamoja na mkewe, na watoto wao wawili wanacheza kwenye turubai. Alinitambua nikiwa mbali. Alisogea, akageuza upande wa sikio linalosikia, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Nikashindwa kuitikia. Alisubiri, maana ndiyo desturi, mpaka nikasema marahaba.

Nilimweleza yote. Habari ya kola, ya wivu, ya mchi uliokuwa unagonga. Mkewe alisimama na ungo mkononi akisikiliza, wala hakunikaribisha kuketi, na sikumlaumu. Mwisho nikatoa kile kisa cha mto mfukoni nikampa, nikamwambia nimeandika kumsafisha. Alikisoma chote amesimama. Akanirudishia.

"Usiniandike tena," akasema.

Nikasema hiki ni cha wema.

"Hata kwa wema usiniandike. Yule wa kwanza alinivunja mkono. Huyu wa pili simjui, na watoto wangu hawatamjua. Mimi sikufa mtoni. Mimi nalima ufuta hapa, na bado napiga hesabu zangu jioni kwa mkono huu wa kushoto. Hilo hujaandika hata mara moja."

Kisha akauliza habari zako. Nikamwambia umefaulu, unakwenda kidato cha tano, na kwamba wanasema wewe ni wa kwanza kwa hesabu. Mkewe akaweka ungo chini. Nilidhani atatabasamu, na kwa kweli uso wake ulifunguka, lakini akauliza, "Ameshaambiwa?"

Nikasema bado.

"Basi hujafika kwangu, mwalimu," akasema. "Umepita tu njia."

Akarudi kwenye ufuta wake. Hakunisamehe, Anastazia, wala sitaki ufikirie kwamba alinisamehe moyoni akashindwa kusema. Ningekuwa natunga kisa, hapo ningeandika kwamba alinishika mkono.

Najua kwamba kwa barua hii namwandika tena, na ameniomba nisimwandike. Sikuona njia nyingine ya kukufikishia habari zake. Nimejitahidi kuweka yale tu niliyoyaona na kuyasikia. Ukimaliza, barua ni yako, ichome ukitaka. Kesho lori litapumzika Ruangwa, na kesho ni siku ya soko. Kwa kawaida huwa anapeleka ufuta wake huko, lakini sina uhakika. Kama yupo na ukipenda kumsalimia, nenda. Usimpelekee salamu zangu. Kama hutaki, au ukiona huna nguvu, baki kwenye lori. Hakuna atakayekudai.

Ulitaka baba akupe mawaidha ya safari. Sina, nina hofu tu. Nahofia kwamba huko uendako utakuta kisa chako kimeshatangulia, hata kama si hiki. Watakwambia msichana wa hesabu hana moyo, au atakosa mume, au ana kitu kichwani. Watasema kwa kucheka, na utasikia hamu ya kucheka nao, hata kuwatangulia kujichekea, ili ionekane hujali. Mwalimu Hamisi alicheka kisa changu cha kwanza. Naona mara nyingi mno uso wake akicheka. Laiti angenipiga kofi asubuhi ile, wengi tungepona.

Na mimi uniogope kidogo. Nasema hivi nikiwa na akili zangu. Sisi tunaotunga tunampenda mtu huku tayari tunamkata ili aingie kwenye kisa, na anayependwa hajui mpaka damu itoke. Hata kwenye barua hii nimejikuta mara mbili nafuta sentensi kwa sababu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tangu nirudi kutoka Narung'ombe sijatunga kitu. Sijui kama nitaweza kuacha. Nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na sina nyingine ninayoijua.

Usiku siwezi kulala nikifikiria kwamba utafika huko, utafungua kitabu, utakuta kitu kigumu na kizuri, na badala ya kufurahi utakumbuka kwamba hesabu ndizo zilizomfukuza mtu uliyempenda. Hazikumfukuza. Ni mimi. Ukilazimika kuchukia kitu, nichukie mimi, hesabu ziache zilivyo.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya sanduku lako, katikati ya shuka, uikute ukishafika, siku tatu kutoka hapa. Nilishaandaa hata mahali pa kuichomeka. Nimeandika mpaka hapa nikaelewa kwa nini nilitaka hivyo. Nilitaka usome mahali ambapo sauti yako haitanifikia.

Nakusikia sasa hivi unaongea na mama yako kule barabarani, umerudi mapema. Nitakupa mkononi. Chukua kiti cha barazani, bado kuna mwanga wa kutosha. Mimi nitakuwa hapo mbele yako kwenye mkeka, na sitainuka mpaka umalize kusoma na useme lolote utakalosema.

Baba yako